Sufuria ya Wafiwa

Ashukuriwe Mungu mmoja, aliyeumba udongo kabla ya kumuumba mtu, akijua kwamba mtu atachoka na atahitaji mahali pa kurudi. Amenipa miaka mingi, meno machache, na macho ambayo bado yanasoma maandishi makubwa. Sina ninachomdai. Nikishasema hivyo, naweza kusimulia.

Watu wakisikia kwamba huku kwetu Mara kuna Wayahudi hucheka kwanza, kisha huuliza tulikuja lini kutoka Israeli. Hatukutoka kokote. Sisi ni Wakurya, Wanata na Waikoma wachache, pamoja na watu wa mikoa mingine waliofuata dhahabu wakatukuta. Baba yangu alianza kwa kushika Sabato kanisani, akaendelea kusoma, na kila alipofungua ukurasa alirudi nyuma badala ya kwenda mbele, mpaka akajikuta amebaki na Torati. Mimi nilirithi kwake ng'ombe, shamba la mihogo, na kazi ya kuwafundisha wengine. Herufi za Kiebrania nilifundishwa na mwalimu mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka. Nimesoma kwa miaka mingi na bado kuna mahali ninapojikwaa.

Tuna nyumba tatu za sala. Moja iko Tarime mjini, katika chumba cha kupanga nyuma ya maduka, na waumini wake ni wafanyabiashara, watumishi wa serikali na wachimbaji wachache. Ya pili iko Machochwe, karibu na hifadhi, kwa wakulima ambao nusu ya mwaka hulala mashambani wakifukuza tembo. Ya tatu ni yetu ya Nyansurura. Ukiziweka zote pamoja tunatosha kujaza kanisa moja dogo la majirani zetu, na viti vitabaki. Mtu angedhani kwamba watu wachache namna hii wangeshikana. Lakini wachache wana muda mwingi wa kutazamana.

Ugomvi wetu ulikuwa wa kisu. Machochwe walikuwa na mchinjaji wao, mzee aliyejifunza kwa baba yake. Watu wa Tarime walisema mzee yule hakufundishwa vilivyo, kwamba hakagui kisu kwa ukucha kama inavyotakiwa, na nyama yake hawali. Watu wa Machochwe walijibu kwamba wa Tarime hununua kuku wa mjini na hawajui hata mikono iliyomchinja yule kuku. Sisi wa Nyansurura tulikaa katikati tukiwaheshimu wote wawili, maana yake hakuna aliyetuamini. Nilishahudhuria vikao vya kupatanisha jambo hilo hadi nikachoka kuyasikia maneno yangu mwenyewe.

Hata hivyo, katika misiba tulikuwa kitu kimoja, na sikujiuliza kwa nini.

Sheria yetu ya msiba ni fupi. Aliyefiwa, akitoka kuzika, mlo wake wa kwanza hautoki jikoni kwake. Wenzake wamletee. Huletwa mayai, au dengu, au maharage, vitu vya mviringo, kwa kuwa huzuni nayo inazunguka: leo iko kwangu, kesho iko kwako. Desturi ya Wakurya inakwenda upande mwingine kabisa. Kwa Wakurya mwenye msiba ndiye anayelisha. Dume linaangushwa, ukoo unakula, na watu wakirudi makwao wanaeleza marehemu alikuwa nani kwa kueleza walivyoshiba. Sisi tunaishi na sheria hizo mbili ndani ya ua mmoja, na kila msiba zinagongana mlangoni.

Mke wangu aliugua kwa muda mrefu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache nyumbani na maneno mengi kwenye simu. Siku moja, wakati bado ana nguvu ya kukaa, aliniambia, "Nikifa, usimruhusu kaka yako achinje ng'ombe juu yangu."

Nikamwambia hayo si maneno ya mchana.

"Nimelisha watu maisha yangu yote," akasema. "Siku hiyo nataka wewe ulishwe. Ukae chini, uletewe, ule. Mimi nitajua."

Nilimwahidi. Hakuniomba kitu kingine.

Alifariki jioni, na kwa kuwa kwetu maiti haikawizwi, tulimzika kesho yake. Watu walikuja kutoka nyumba zote tatu. Wanawake wa Machochwe walifika asubuhi sana kwa bodaboda, wakamwosha pamoja na wanawake wetu, wakamvika sanda nyeupe isiyo na pambo. Wanaume wa Nyansurura walichimba kaburi nyuma ya nyumba. Wa Tarime walikuja na gari, wakasoma zaburi kwa sauti nzuri. Nilirarua ukosi wa shati langu, kama mfiwa wa kwetu anavyopaswa, nikasema sala inayosemwa na aliyefiwa, na ulimi wangu haukujikwaa hata mara moja. Nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Baada ya hapo wakaanza kuondoka. Wa Machochwe waliondoka kwanza, kwa sababu mtama ulikuwa umekomaa na tembo hawajui habari ya msiba. Wa Tarime walisema barabara haifai giza. Kiongozi wao, mtu mpole mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alinishika mikono yote miwili. "Shikamoo tena, Mzee. Ule. Wenzetu wa hapa wameshaandaa." Wa Nyansurura nao walikwenda kukamua na kufunga mifugo, wakisema watarudi kwa sala ya jioni. Mmoja wao aliniinamia sikioni akasema, "Pumzika sasa, Mzee. Watu wa Tarime hawakuja mikono mitupu."

Nikaketi juu ya mkeka chini ukutani, kama inavyopasa. Binti yangu akaketi upande wa pili. Jikoni kulikuwa na unga, kulikuwa na maziwa, kulikuwa na mkungu wa ndizi uliokatwa na marehemu mwenyewe kabla hajalala moja kwa moja. Vyote vilikuwa vyetu, na kwa hiyo hakuna tulichoweza kugusa.

Tulikaa. Kivuli cha nyumba kikavuka ua.

Kaka yangu mkubwa anaishi ng'ambo ya zizi letu. Hakuingia kanisani wakati baba alipoingia, na hakuja kwetu baba alipotoka. Husema kwamba Mungu wa babu zetu hajamkosea kitu. Siku hiyo alikuwa amelifunga dume jekundu kwenye mti wa boma tangu asubuhi, na wajomba wa mke wangu, waliotoka mbali, walikuwa wameketi kivulini wakilitazama. Alikuja akasimama mlangoni.

"Mura," akaniita, yaani kijana, kama alivyoniita tulipokuwa wachungaji wa ndama. "Hao watu wako wamekwenda wapi?"

"Watarudi jioni kwa sala."

"Sala ninaifahamu. Nauliza chakula."

"Kinakuja."

"Kinatoka wapi? Nimesimama barabarani, sijaona hata moshi." Akachutama, akaongea kwa sauti ya chini ili binti yangu asisikie, ingawa alisikia. "Wajomba wanalitazama dume, na dume linawatazama. Mimi nitawaambia nini? Kwamba mke wa mdogo wangu alizikwa kama kuku?"

"Aliniomba mwenyewe, kaka."

"Alikuomba ulishwe. Haya, umelishwa?"

Akanyanyuka, akaelekeza mkono kwenye kilima cha magharibi. "Jua likikigusa kile, nachinja. Nimekuheshimu tangu asubuhi. Dini yako imepata siku nzima."

Alisema kweli. Alikuwa amenipa siku nzima, na si rahisi kwa mtu kama yeye.

Najua wenye elimu watasema giza likishaingia ningeruhusiwa kula changu, na kwamba Mungu hamtaki mzee aanguke kwa njaa. Nimefundisha hayo mwenyewe. Lakini sikuwa nikiogopa njaa. Niliogopa dume lile lianguke, msiba ugeuke kuwa wa ukoo, watu washibe na waondoke, na lile neno moja aliloniomba liwe limepotea mchana wa siku aliyozikwa. Ningeweza kupiga simu. Lakini mfiwa anapigaje simu kuomba chakula chake cha faraja? Ni sawa na maiti kuuliza sanda iko wapi.

Binti yangu alikuwa amefunga simu ya mama yake kwenye pindo la kanga. Ilikuwa kitochi cha zamani, kimefungwa mpira ili betri isianguke. Ikalia.

Akaitazama, akanitazama. Akapokea na kuweka sauti ya nje, kwa sababu kitochi kile kilikuwa hakisikiki namna nyingine.

"Mama, mbona kimya leo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke wa Machochwe, yule mkubwa wao, mmoja wa wale waliomwosha. "Nakungoja hapa. Hujaniambia nani anapika."

Binti yangu akaikaza simu kwa mikono miwili. Upande wa pili tulisikia upepo na mtu akipiga debe mbali shambani.

"Mama," akasema binti yangu, "ni mimi."

"Mwanangu." Debe likalia tena. "Mwanangu, nisamehe. Kidole kimejipeleka chenyewe. Mikono hii hii imemwosha asubuhi."

"Najua, mama."

"Kila msiba ananipigia yeye. Nimekaa hapa nangoja anipigie." Tukamsikia akivuta pumzi. "Baba yako amekula?"

"Hajala."

"Nani ameleta?"

"Hajaleta mtu."

"Kata simu," akasema yule mama. "Na usiondoke karibu nayo."

Ndipo nilipoelewa, nikiwa nimeketi pale mkekani. Mke wangu hakuwa kiongozi wa nyumba yoyote. Lakini kila alipokufa mtu, katika yoyote ya nyumba zile tatu, yeye alitoka nje na kusimama kwenye kona ya zizi ambako mtandao unashika, akapiga. Nilimsikia miaka yote. Ninyi leteni mayai. Ninyi mna dengu, chemsheni. Ninyi mko karibu, pelekeni ugali moto. Aliwagawia, hakuna aliyegombana naye, na sisi wazee tulipofika tukakuta chakula kiko mezani tulisema kwamba umoja wetu bado upo. Sasa nyumba tatu zilikuwa zimeketi kila moja mahali pake, zikingoja simu kutoka kwa mtu tuliyekuwa tumetoka kumfukia.

Yaliyofuata niliyasikia baadaye, kila upande ukisimulia kwa namna ya kujitetea. Mama wa Machochwe alimpigia mwanamke mmoja wa Nyansurura, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito.

"Mmempelekea nini Mzee?"

"Si wale wa Tarime? Wana gari."

Akawapigia wa Tarime, walikuwa njiani.

"Mama, chakula cha kutoka Tarime kingechacha. Si wa karibu ndio wanaoleta?"

"Na ninyi Machochwe?" akaongeza kiongozi wao, yule wa dukani, kwa upole wake. "Mliandaa nini?"

"Sisi tuandae nini? Ninyi hamli vyetu."

"Ni nyama tu ambayo..."

"Basi mayai," akasema yule mama. "Yai halijawahi kuona kisu. Geuzeni gari."

Walikuwa wamefika kwenye stendi moja ndogo njiani. Wakateremka, wakanunua ndoo nzima ya mayai ya kuchemsha kwa muuzaji wa pale, ambaye alishangaa walipomkatalia kachumbari na pilipili kwa kuogopa kisu chake. Wakageuza.

Huku nyumbani jua lilikuwa limeshuka. Kaka yangu alifungua kamba mtini. Wajomba wakasimama. Nilisikia kwato zikisogea, nikafumba macho nikasema moyoni, Bwana, nimengoja kama ulivyoagiza, na nimechoka.

"Hodi."

Alikuwa mwanamke wa ng'ambo ya kijito, sufuria kichwani, imefunikwa kwa jani la mgomba. Alikuwa amekimbia na alihema. Akaitua mbele yangu. "Ni maharage ya watoto wangu, Mzee. Yalikuwa yameshaiva. Wao watakunywa uji." Kabla sijamjibu tukasikia gari, na wale wa Tarime wakaingia uani na ndoo ya mayai, wameinamisha nyuso kama watoto waliochelewa shule.

Kaka yangu alisimama na kamba mkononi. Akatazama kilima. Jua lilikuwa limekigusa, lakini halikuwa limezama. Akaja mlangoni.

"Maharage na mayai," akasema. "Ugali uko wapi? Mtakula maharage matupu kama wafungwa?"

Binti yangu akainuka. Nikamzuia. "Ugali hauwezi kutoka jikoni kwangu."

"Na kwangu?"

"Kwako unaweza. Wewe ni jirani."

"Tumenyonya titi moja. Leo nimekuwa jirani."

"Leo tu, kaka."

Akageuka akamwita mkewe kwa sauti iliyofika ng'ambo ya zizi. Mkewe alikuwa na maji jikoni tayari kwa ajili ya watu wa nyama. Haikuchukua muda, ukaja ugali wa mtama na muhogo, mweusi, unatoa mvuke. Kaka yangu akaupokea, akauleta ndani yeye mwenyewe, mtu ambaye sijawahi kumwona akibeba sahani, akauweka juu ya mkeka.

"Kula, jirani."

Nilimega. Nikamenya yai, nikalichovya kwenye chumvi, nikalitia mdomoni. Ndipo nilipojua kwamba nilikuwa na njaa, na ndipo nilipojua kwamba amekufa.

Dume lilirudishwa zizini. Wajomba nao waligawiwa mayai. Mmoja wao akasema, si kwa ubaya, "Tumekuja kwenye msiba wa ng'ombe tumelishwa mayai ya stendi." Kaka yangu akamjibu, "Huyu mpwa wenu mlimjua ninyi kabla yetu. Mngekuja kumbishia akiwa hai." Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka, na hakuna aliyeona vibaya.

Asubuhi yake mama wa Machochwe alifika kwa bodaboda, kati yake na dereva kukiwa na sufuria kubwa ya dengu, vazi lake limelowa mchuzi mpaka magotini. Alijua mlo wa kwanza umeshapita. Akasema alishindwa kulala na dengu zile ndani.

Siku saba za kuketi chini zilipokwisha, wazee wa nyumba tatu walikutana kwangu ili jambo lile lisitokee tena. Mtu akapendekeza kamati. Mwingine akauliza mwenyekiti atatoka nyumba gani. Kisha likaja swali la katibu, na kutoka kwenye katibu, sijui kwa njia gani, tukarudi kwenye kisu. Niliwasikiliza huku nikikitazama kitochi juu ya kabati, kimezimwa.

Mama wa Machochwe alikuwa mlangoni, amekuja kuaga. Akasema, "Mkimaliza kuchaguana, ile sufuria yangu naiacha hapa. Sirudi nayo."

"Kwa nini, mama?" nikamuuliza.

"Aliyelishwa ndiye atakayelisha. Mtu akifiwa, popote, ninyi wenye sufuria mnapika na kupeleka, na sufuria mnaiacha huko. Huko nako watangoja msiba utakaofuata, wapike wao. Hakuna haja ya mtu kupiga simu. Aliyekuwa akipiga amepumzika."

Mzee mmoja akasema lazima tulijadili. Lakini yule mama alikuwa ameshapanda pikipiki.

Imekuwa hivyo. Msiba uliofuata ulikuwa Tarime, kwa mama mzazi wa yule wa dukani. Mimi na binti yangu tulichemsha dengu alfajiri, tukapanda basi na sufuria mapajani, na konda akatuuliza kama tunahama na jiko. Chakula kilifika kimepoa. Hakikuwa kimechacha. Yule mtu mpole alikula akiwa ameketi chini sakafuni, na hakusema neno lolote kuhusu umbali.

Nisiseme uongo kwamba tumepatana. Kisu bado kinatugawa, na nyama ya wenzetu bado hatuli. Nimechoka, na sidhani kama nitauona ugomvi huo ukiisha. Ila mimi nilizoea kudhani kwamba Mungu angetuunganisha kwa mafundisho, nami ndiye mwenye mafundisho. Ametuunganisha kwa sufuria iliyobonyea upande mmoja. Namshukuru kwa alichotoa.

Kutoka Tarime mjini sufuria ile ilikwenda kwa mchimba dhahabu mmoja, mtu wa Shinyanga, ambaye huku hana ndugu hata mmoja. Alifiwa na mtoto mchanga. Wanasema aliipokea kwa mikono miwili akauliza, "Nitairudisha kwa nani?" Wakamwambia, kwa atakayefuata. Iko kwake mpaka leo, katika chumba cha kupanga, kubwa kuliko jiko lake.

Nilimweleza kaka yangu habari hiyo juzi, tukiota jua. Akahesabu upesi kuliko nilivyotegemea.

"Kwa hiyo ukitangulia wewe, atakayemlisha binti yetu ni huyo Msukuma wa mashimoni."

"Ndiye."

"Anajua kupika?"

"Atajifunza."

Akavuta blanketi mabegani, akatazama ng'ambo ya zizi. "Mwambie asihangaike na ugali. Ugali utatoka kwa jirani."

Na wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akujalie siku nyingi za kupeleka chakula kabla ya siku ya kupelekewa. Na siku hiyo ikikufikia, usikie hodi mlangoni jua likiwa bado halijazama. Amina.